Kabureta Inavuja Baada ya Kufunguliwa: Kuirudia, Kutafuta ya Mtumba, au Kununua Mpya?

Kabureta, yaani kifaa cha kuchanganya petroli na hewa ya injini, ikivuja kwa uzee, mtu huelewa. Inayokera ni ile uliyoifungua mwenyewe, ukaiosha mpaka ikang'aa kama sufuria ya arusi, ukaitia gasketi mpya zote, halafu unawasha gari na petroli inatona mahali ambapo jana palikuwa pakavu. Hapo ndipo unapokaa juu ya ndoo uani, spana mkononi, ukijiuliza: niirudie, nitafute ya mtumba, au ninunue mpya nipumzike?

Mimi nimezipitia njia zote tatu kwa gari moja, ndani ya wiki tatu. Gari lenyewe ni DX, yaani Toyota Corolla KE70 yenye injini ya 4K, na tuko nalo hapa Kisauni, Mombasa, tangu watoto wangu hawajazaliwa. Fundi wa mtaani alipoona petroli ikitona kwenye ncha ya shafti ya throto, kile kijiti kinachogeuza bati la kufungua na kufunga njia ya hewa, hakuinama mara ya pili. "Yakhe, shafti imelika. Kabureta hii basi tena, kanunue mpya." Nikavuka daraja la Nyali, nikanunua mpya mjini, nikaifunga jioni ile ile. Asubuhi nikawasha. Ikatona pale pale, ncha ile ile.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza ipi bora kati ya njia hizi tatu, nami humuuliza kwanza: inavuja wapi, na inavuja lini? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayochagua. Bei ya dukani hufuata nyuma.

Kabla ya kutoa pesa

Neno la moto kwanza, maana hapa sipendi mzaha. Kwenye 4K, na pia kwenye A12 ya Datsun 1200, manifoldi ya kuingiza, yaani bomba linalopeleka hewa na petroli ndani ya injini, na ile ya moshi ziko upande mmoja wa injini, kwa hiyo kabureta imekaa juu ya chuma cha moto. Tone likidondoka halifiki chini. Linaangukia kwenye manifoldi ya moshi. Basi acha injini ipoe kabisa, chomoa waya wa hasi wa betri, na fanyia kazi uwanjani, usijifungie ndani ya gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini chini hadi kwenye jiko la mkaa la jirani anayekaanga viazi karai hatua kumi kutoka ulipo. Weka mtungi wa poda wa kuzima moto karibu, au ndoo ya mchanga. Maji usiyategemee, petroli huelea juu yake na moto ukasambaa nayo.

Sasa mtihani. Chomoa mpira unaoleta petroli kutoka kwenye pampu, uzibe ncha yake vizuri. Chukua sirinji kubwa ya duka la dawa, uijaze petroli, uilishe kabureta polepole kupitia mlango wake wa kuingilia mpaka petroli ifike usawa wa alama kwenye kioo cha kupimia. Kabureta isiyo na kioo, jaza mpaka uhisi sirinji inagoma, maana hapo boya, yaani kielea kilicho ndani ya bakuli la petroli, limepanda na kusukuma sindano inayofunga njia. Futa kila pembe kwa tambara kavu. Kisha nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio yote: mzunguko wa kifuniko cha juu, kuzunguka kioo, kwenye vizibo vya jeti, vile vitundu vidogo vinavyopima petroli. Ngoja nusu saa, kanywe kahawa.

Ukirudi utakuta moja kati ya mambo mawili. Poda ikiwa imelowa mahali, mwili wa kabureta unavuja: ni gasketi, oringi, washa ya kizibo, kifuniko kilichopinda au ufa. Poda itakuonyesha mchirizi ulipoanzia, na mara nyingi ni juu ya pale ulipodhani. Poda ikiwa kavu kabisa, rudisha mpira wa pampu, endesha injini dakika mbili tatu huku ukitazama. Ikianza kutona sasa, kosa ni la sindano, boya, au presha ya pampu. Petroli inaingia kuliko inavyotakiwa, bakuli linajaa na kufurika.

Kuna jambo la tatu ambalo huku pwani huwadanganya wengi. Kabureta ni kavu kwenye sirinji, ni kavu injini ikinguruma, lakini ukizima gari baada ya foleni ya feri Likoni, saa nane mchana, kaskazi ikichoma, dakika tano baadaye unasikia harufu na unaona unyevu kooni mwa kabureta, pale hewa inapopita. Huo si uvujaji. Injini ikizimwa, joto la manifoldi hupanda juu, hakuna tena petroli baridi inayopita, na iliyobaki kwenye bakuli inachemka na kumwagikia kooni. Kabla ya kulaumu seti uliyonunua, angalia kama ulikirudisha kile kipande kinene cheusi kinachokaa kati ya kabureta na manifoldi. Kazi yake ni kuzuia joto. Nimeona watu wakikitupa wakidhani ni gasketi nene iliyochoka, wakaweka karatasi tupu badala yake. Hakuna kabureta mpya itakayotibu hilo.

Na sasa ile shafti ya throto. Shafti haina petroli yake. Pale ilipo hupita hewa na ukungu wa petroli tu. Ukiona petroli majimaji ikitoka kwenye ncha zake, ujue imeshuka kutoka juu: bakuli limefurika, petroli imemwagika kooni, ikakaa juu ya bati la throto lililofungwa, ikatafuta upenyo na kuupata kando ya shafti. Shafti iliyolika kweli huvuta hewa, injini ikatetereka wakati gari limesimama, haitengenezi petroli. Fundi wangu aliona tone, akamhukumu mlinzi wa mlango kwa bomba lililopasuka ghorofani.

Jambo moja tena kabla ya kuendelea. Kama kabureta imefurika usiku kucha, vuta kijiti cha oili unuse. Oili ikinuka petroli, usiendeshe mpaka uibadilishe, kwa sababu petroli imeshuka kwenye silinda na kupunguza nguvu ya oili ya kulainisha.

Kuirudia

Njia hii ndiyo ninayoipendelea, na sababu si ubahili. Kabureta ambayo haikuwa ikivuja kabla hujaifungua haikuzeeka kwa alasiri moja. Kitu ulichokigusa ndicho kilichobadilika. Kwa hiyo andika kwenye karatasi kila ulichogusa siku ile, hata vitu vilivyo nje ya kabureta. Mimi sikuandika, na nitakuambia ilinigharimu nini.

Tuwekane sawa kwenye maneno. Dukani seti ya matengenezo huitwa "kiti", na kile kitundu cha shaba ambacho sindano hukikalia nacho ni kiti. Hapa nikisema kiti ni kile cha sindano. Pakiti ya gasketi nitaiita seti.

Kosa ninalolikuta mara nyingi liko chini ya kiti hicho. Kina washa ndogo, nyembamba kama ukucha. Ya zamani hung'ang'ania ndani ya shimo, mtu asiione, akaweka mpya juu yake zikawa mbili. Au inaanguka pamoja na uchafu, na ile mpya inabaki kwenye pakiti. Zikiwa mbili, kiti kinashuka, petroli inafungwa mapema na injini inakosa nguvu mlimani. Ikikosekana kabisa, mambo mawili hutokea pamoja: kiti kinazama, petroli inapanda kupita kiasi, na tena petroli hupenya kwenye meno ya kiti bila kupitia kwa sindano. Sindano inaweza kuwa mpya ya dhahabu, petroli haina habari nayo.

Halafu kimo cha boya, ambalo gereji wanaliita floti. Sindano ya kwenye seti si lazima iwe na urefu sawa na ile uliyoitoa. Zilaze pamoja mezani uzipime kabla ya kutupa ya zamani. Tofauti ndogo kwenye sindano huwa kubwa kwenye usawa wa petroli, kwa sababu boya ni mkono wenye bawaba. Usawa hurekebishwa kwa kupinda ule ulimi mdogo unaosukuma sindano, taratibu, kwa koleo nyembamba, huku sindano ikiwa imetolewa. Ukiupinda kwa kubonyeza boya juu ya sindano, unaitia sindano mpya kovu siku yake ya kwanza kazini.

Lipime na boya lenyewe. Litikise sikioni, ukisikia maji yakicheza ndani, lina tundu na limekunywa petroli. Usiposikia kitu, lizamishe kwenye maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa. Hewa iliyo ndani itatanuka na kutoa mapovu penye tundu. Boya la shaba linaweza kulehemiwa kwa risasi, ila risasi ikizidi linakuwa zito na halipandi ipasavyo. La plastiki likiharibika, tafuta jingine.

Ukishamaliza, pindua kifuniko boya likae juu kwa uzito wake, upulizie kwa mdomo kupitia mpira safi kwenye mlango wa petroli. Hewa isipite. Kigeuze, hewa ipite. Mtihani huu hauna gharama na huchukua muda mfupi kuliko kufunga skrubu mbili. Usitumie kompresa. Presha yake inashinda sindano yoyote, na inaweza kubonyeza boya.

Upande wa nje makosa ni ya kawaida zaidi. Kwenye seti moja kuna gasketi mbili tatu zinazofanana kwa sababu seti imetengenezwa kwa aina kadhaa za kabureta. Iliyozidi kidogo kwa ndani hugusa boya na kulikwamisha. Oringi za duka la mabomba ya maji huvimba zikikutana na petroli, zikawa kama pweza. Silikoni ya kuzibia injini haivumilii petroli. Huwa ute, halafu vipande vyake vinaenda kuziba jeti. Tepu ya tefloni nayo haina kazi hapa. Nyuzi zake hukatika na kulala chini ya sindano.

Kifuniko kilichopinda hujulikana kwa kioo. Kipande cha kioo bapa, msasa laini juu yake, uso wa kifuniko juu ya msasa, zungusha kidogo kama unaandika nane. Pasipong'aa ndipo palipozama. Kinachopindisha kifuniko ni mkono wa mtu: kukaza skrubu moja mpaka mwisho kabla ya nyingine. Zikaze kwa kuvuka, kidogo kidogo, na zikishakaa usiongeze nguvu. Kukaza zaidi ili kuzuia tone ndiko kunakozaa tone la kesho.

Kuirudia hushindwa lini? Meno ya mlango wa petroli yakiwa yamechubuka mpaka nati inazunguka bure, sikio la bolti likiwa limevunjika, au mwili ukiwa umeliwa na chumvi. Hili la chumvi ni letu watu wa pwani. Ukifuta ule ungaunga mweupe na ukakuta vishimo vimefika mahali gasketi inapokaa, hapo gasketi mpya ni kupaka rangi ukuta unaobomoka.

Ya mtumba

Kabureta ya mtumba ya Kijapani ina jambo moja ambalo nakala mpya haina: ilitengenezwa na waliotengeneza gari lako. Mashimo, jeti, mikono ya choki ya kuwashia injini baridi, mirija ya mvuto wa hewa (vakyumu), kila kitu kinakaa mahali pake bila kupindwa. Hilo ni kubwa, hasa kwa gari lenye mirija mingi.

Ila tuseme ukweli kuhusu umri wake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa, na magari ya Kijapani ya umri huo yote ni ya injekshini, yasiyo na kabureta. Hakuna shehena inayoshuka Kilindini leo na kabureta za Corolla mbichi. Zilizobaki kwenye rafu zimetolewa kwenye magari yaliyokufa hapa hapa, au zimelala kwenye makontena ya spea kuukuu, na nyingi zina umri wa miaka 30 au zaidi. Nyingine zimefunguliwa mara ambazo hata muuzaji hazijui.

Kwa hiyo unaponunua ya mtumba hununui kabureta iliyo tayari. Unanunua mwili mzuri ambao nao utaufungua na kuutia seti. Ukiilinganisha na kuirudia yako, swali ni moja tu: je, mwili wake ni mzima kuliko wako? Ishike shafti ya throto uitikise juu na chini, isicheze. Tazama uso wa chini kwenye mwanga. Zungusha skrubu zake moja mbili uone kama meno yako. Ukitikisa kabureta ukasikia vumbi likimwagika ndani, iache. Na muulize muuzaji kama atakubali kuirudisha ukikuta ufa. Akianza kuapa badala ya kujibu, ushapata jibu.

Mimi nilipewa moja na ami yangu wa Majengo, ya gari lake lililokufa zamani. "Chukua mwanangu, hii haikuguswa na mtu." Haikuguswa kweli. Ndani petroli ilikauka ikawa gundi ya rangi ya asali, na vizibo viwili vya jeti havikutoka hata kwa dawa ya kutu. Nilichofaidika nacho ni kioo chake cha kupimia na kishikizo chake, ambavyo viko kwenye DX mpaka leo.

Mpya ya nakala

Kwa injini zilizopendwa, kama 4K na 5K za Toyota, 2E, 3Y, au A12 na A15 za Nissan, nakala za Kichina zipo na hupatikana. Zinavutia. Zinang'aa, hazina kutu, shafti haichezi, na ukilinganisha na siku mbili tatu za kupima boya, kuifunga ni kazi ya asubuhi.

Sitazisema vibaya zote. Mwili wake ni mpya kweli, na kama wako umeliwa na chumvi basi hapa ndipo pesa inapofanya kazi. Tatizo ni kwamba watu huinunua ili wasifungue kabureta, na yenyewe inahitaji kufunguliwa kabla ya kufungwa kwenye gari. Yangu ilikuwa na skrubu mbili za kifuniko zilizolegea na kinyuzi cha chuma kilichobaki kutoka kiwandani, kimelala kando ya jeti. Kimo cha boya kiwandani huwekwa kwa makisio. Jeti zinaweza zisiwe na namba zile zile za yako, na gari likanywa petroli kuliko zamani hata kama halivuji. Kwenye 2E ya Corolla EE90, yenye choki ya kujiendesha na mirija mingi ya vakyumu, baadhi ya nakala huja zikiwa na vituo pungufu vya mirija, na fundi anaishia kuziba mirija kwa bolti. Hapo umeponya tone ukazaa maradhi mengine.

Kwa bei, seti ndiyo ndogo kuliko zote, ya mtumba iko katikati au inakaribia mpya kutegemea muuzaji alivyokuona umevaa, na nakala mpya ndiyo ya juu. Ila kama wewe huna mkono wa kufungua na utalipa fundi kila safari, hesabu inageuka. Kuirudia mara tatu kwa fundi asiyepima boya kunamaliza pesa ya nakala mpya na chenji yake.

Sasa nimalize kisa cha DX. Kabureta ya zamani ilitona kwenye shafti, na mpya ikatona kwenye shafti, siku mbili mfululizo. Kabureta mbili zisizojuana haziwezi kuwa na ugonjwa mmoja. Nikaketi kuandika ile orodha ya kila nilichogusa, na mstari wa nne ulikuwa: pampu. Siku niliyofungua kabureta nilibadilisha pia pampu ya zamani ya kusukumwa na injini, nikaweka ya umeme kwa sababu muuzaji alinihakikishia kwamba gari litawaka haraka asubuhi. Liliwaka haraka, kweli. Boksi la pampu lilikuwa bado jikoni, limeandikwa presha ya psi 4 hadi 7. Kabureta za aina hii zinataka presha ndogo, psi 2.5 hadi 4 hivi. Ikizidi hapo, boya halina nguvu ya kuizuia sindano, petroli inaisukuma na kupita. Na kuna wanaofunga pampu ya gari la injekshini, inayosukuma psi 35 na zaidi. Hiyo itafurisha kabureta kabla hujatoka uani.

Kama una pampu ya umeme, tafuta ya presha ndogo au funga kirekebisha presha, na hakikisha mpira wa kurudisha petroli kwenye tangi haukupindwa wala haukubadilishwa nafasi na ule wa kuingiza. Mipira hiyo miwili hufanana, na ukiikosea kila kabureta duniani itavuja. Tena, mpira uliozeeka ukiuvuta kuuchomoa humeguka kwa ndani, na chembe zake nyeusi zinakwenda moja kwa moja kulala chini ya sindano mpya. Ukigonga mwili wa kabureta polepole kwa mpini wa bisibisi na tone likakoma, ni chembe au sindano imekwama. Badilisha mpira na filta kabla ya kufungua chochote.

Gari gani, njia gani

DX na Datsun 1200: irudie kwanza, bila kufikiri. Ni kabureta nyepesi, za Datsun na DX nyingi zina kioo cha kupimia kinachokupa jibu bila kufungua, na seti hazijakauka sokoni. Nakala ni akiba ya siku ambayo mwili umeoza.

Corolla EE90: ya mtumba yenye mwili mzima, hata ukiizungukia mji mzima, kabla ya nakala. Ukiifungua yako, bandika tepu ya karatasi kwenye kila mrija na uandike namba, au piga picha kwa simu kutoka pande nne. Watu wengi wanaokuja na kabureta hii inavuja, ukichunguza, mrija mmoja wa vakyumu umekwenda pasipo pake.

Peugeot 504 ni habari nyingine. Ufaransa iliacha kuitengeneza ile ya abiria mwaka 1983, lakini hapa Kenya iliendelea kuunganishwa miaka mingi baada ya hapo, kwa hiyo spea na mafundi wanaoijua hawajaisha. Kabureta zake nyingi ni Solex, na si za aina moja. Soma namba iliyopigwa kwenye mwili kabla hujaenda dukani, kwa sababu "ya Peugeot" si jina la seti. Hii ningeirudia hata mara mbili kabla ya kufikiria kubadilisha.

Tuktuk ya petroli, kwa vile nusu ya wanaoniuliza Mombasa ni wenye tuktuk: kabureta yake ni ndogo, nakala yake si ghali, na kila saa tuktuk ikisimama ni abiria waliopanda ya mwenzako. Safisha sindano mara moja. Ikiendelea kumwaga kwenye kimrija cha chini, nunua mpya, ifungue, hakikisha ni safi, uifunge, urudi barabarani.

Na yule anayesema ageuze gari liwe la injekshini ili aachane na kabureta milele, nampa hongera na simfuati. Atahitaji pampu ya presha kubwa, mpira wa kurudisha, kompyuta, sensa na mtu wa kuvipanga vyote. Ni mradi wa mwenye gari la pili la kuendea kazini.

DX ilirudishiwa kabureta yake ya kwanza na pampu yake ya zamani, niliyoitia dayaframu mpya. Shafti ilikauka siku hiyo hiyo. Kulibaki unyevu kidogo kuzunguka kioo cha kupimia, na huo ulikuwa wangu: niliweka oringi ya bomba la maji kwa sababu ilikuwa Jumapili na duka la spea limefungwa. Nilipoitoa ilikuwa imevimba kiasi kwamba haikurudi kwenye mfereji wake. Ile nakala ya Kichina iko ndani ya boksi chini ya meza. Nimeshamwambia fundi wa mtaani kuwa inauzwa, naye ananiuliza kila wiki kama bado inavuja.